Kumkumbuka bibi mkuu: mwongozo kamili wa kukusanya habari zake na kutunza vitu vyake

Mwambie mzee yeyote wa Pemba akusimulie habari za mama yake, atakujibu hivi: "Alikuwa mtu mzuri, hana neno na mtu. Mungu amrehemu." Hajakuficha kitu. Umemuuliza swali ambalo jibu lake la adabu ni dua, naye kakupa dua. Sasa mtie mkononi kijaluba cha tambuu alichokuwa akikitumia huyo mama, usikilize. Utaambiwa kilinunuliwa wapi Wete, nani alikuwa akitumwa popoo, na siku gani kilipotea watoto wote wakapigwa kwa ajili yake.

Basi kazi nzima ya kumkumbuka mama yake bibi au mama yake babu, ambaye hapa nitamwita bibi mkuu, naiegemeza kwenye mambo mawili. Kitu kitangulie, swali lifuate. Na kila habari utakayoiandika iwe na mwenyewe: nani kasema, na yeye kasikia kwa nani. Wazee wetu wa chuoni, pale tuliposomeshwa Kurani, walitufundisha kwamba habari isiyo na sanad, yaani mlolongo wa waliosimuliana, haina miguu, na sioni kwa nini habari za ukoo ziwe na sheria nyepesi zaidi.

Chagua mmoja, na umjue kwa majina yake yote

Kila mtu ana bibi wakuu wanne, wawili kuumeni na wawili kukeni. Usiwaandame wote kwa pamoja, utabaki na majina manne na habari nusu nusu. Wengi humkimbilia yule aliyekuwa na nyumba ya mawe au shamba kubwa la mikarafuu. Mimi nasema mchague yule ambaye mtoto wake bado yu hai, au mkwe wake, au mtu aliyelelewa naye nyumba moja. Kama kukeni yupo mzee wa miaka 88 aliyeoshwa na kulishwa na bibi mkuu kwa mikono yake, anza huko, hata kama bibi huyo hakuwa na chochote ila kinu na mchi.

Jina ndilo mtihani wa mwanzo. Mwanamke wa Kizanzibari hakubeba jina la mumewe. Alikuwa Fulani binti Fulani bin Fulani mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo jina lake likikamilika limeshakupa baba yake na babu yake. Lakini mtaani hakuitwa hivyo. Aliitwa mama Fulani kwa mtoto wake wa kwanza, au Bi Fulani wa Kojani kwa sababu alikuja Wete kuolewa, au kwa jina la utani alilopachikwa ukumbini kwenye ngoma. Yaandike yote, kwa sababu mzee mmoja analijua hili na mwingine analijua lile, na unaweza kukaa saa nzima mkizungumzia mtu yule yule bila kujuana. Jina lenyewe wakati mwingine lina siku au mwezi ndani yake: Mwanajuma, Mwanahamisi, Rajabu, Shaabani.

Uliza pia alilelewa na nani. Kwetu mtoto kukulia kwa bibi yake, kwa shangazi au kwa mke mwenza wa mama si jambo geni, na mara nyingi mlezi ndiye aliyeacha alama zaidi ya mzazi. Uliza nani ni ndugu zake wa ziwa, yaani walionyonya titi moja. Na uliza waume, kwa wingi. Wanawake wengi wa rika lile waliolewa, wakaachika, wakaolewa tena, na ukiandika mume mmoja tu utashindwa kuelewa kwa nini babu yako ana ndugu Mkoani na ndugu wengine Micheweni wasiojuana vizuri.

Mtafutie miaka yake

Kama una miaka 35 hivi leo, bibi mkuu wako huenda alizaliwa kati ya 1900 na 1930. Cheti hana. Anachokuwa nacho ni tukio, na kazi yako ni kulitia tukio hilo mwaka.

Kwa watu wa Unguja mjini, alama moja ni gari moshi la Bububu lililoanza 1905, na ile asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani ilipoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini. Mtu akikwambia "enzi ya Bwana Khalifa" bado hajakupa kitu, maana Sultani Khalifa bin Haroub alikaa kitini tangu 1911 mpaka 1960. Fedha inasaidia zaidi. Rupia iliondolewa 1936 ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mahari yaliyotajwa kwa rupia yanaelekea kuwa ya kabla ya hapo, ingawa ujihadhari, wazee waliendelea kuhesabu kwa rupia midomoni muda mrefu baada ya rupia yenyewe kutoweka mifukoni. Halafu kuna miaka ya Vita Kuu ya Pili, mchele wa Burma ulipokatika na watu wakarudi kwenye muhogo. Mgomo mkubwa wa 1948. Vita vya Ng'ombe vya 1951, ghasia za wakulima waliokataa ng'ombe wao kuchanjwa. Fujo za uchaguzi za Juni 1961. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo hakuna mzee asiyejua siku hiyo alikuwa wapi.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya watoto. Usiulize "alikufa mwaka gani?" Uliza: "Alipokufa, wewe ulikuwa unamnyonyesha nani?" Mtoto huyo leo ana kitambulisho, na mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa. Hivyo hivyo kwa ndoa, kwa kuhama nyumba, kwa safari ya jahazi.

Ukikuta tarehe ya Kiislamu nyuma ya msahafu au kwenye karatasi ya ndoa, usiipunguze tu kwa kichwa. Mwaka wa Hijria una upungufu wa siku kama 11, kwa hiyo mtu mwenye miaka 90 ya miladi ana karibu 93 ya Hijria, na hapo ndipo ugomvi wa "alikufa na miaka mingapi" unapozaliwa. Kwa mfano, Mfunguo Sita (Rabiul Awwal) 1352 inaangukia katikati ya 1933. Programu za kubadilisha tarehe zipo nyingi kwenye simu; hesabu ya siku moja mbele au nyuma isikukoseshe usingizi.

Kwenda kwa mzee

Andika orodha ya watu wanaomkumbuka, halafu uipange kwa afya, si kwa ukaribu wa undugu. Mgonjwa kwanza. Anayepoteza kumbukumbu kwanza kabisa, na uende asubuhi, akili ikiwa bado haijachoka.

Kwa wengine wakati mzuri ni baada ya alasiri, anapokuwa barazani anasuka ukili au anachambua mchele. Mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea. Usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, au tambuu kama bado anatafuna. Salimia kama inavyostahili, uulize hali ya kila mtu, ukae. Simu iache mfukoni. Ukimtolea simu usoni kabla hata hujamaliza "shikamoo bibi", atakaa wima kama anayehojiwa redioni na kuanza kusema Kiswahili cha habari.

Omba idhini ya kurekodi waziwazi, umwambie sauti itakwenda kwa nani. Akikataa, andika kwa mkono ukifika nyumbani, usiku ule ule. Akikubali, iweke simu kwenye hali ya ndege ili isilie, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu naye, mbali na pangaboi. Pangaboi linaharibu rikodi nyingi kuliko kuku na adhana vikiunganishwa. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na nani anazungumza. Hilo tu linatosha kuiokoa sauti isiwe yatima baada ya miaka 20.

Kisha toa kitu.

"Bibi, hiki kilikuwa cha nani?"

"Hee! Umekitoa wapi? Hiki cha mama."

"Alikuwa akikiweka wapi?"

"Kwenye pindo. Hapa." Ataonyesha kiunoni, na utaona mkono unavyofunga fundo ambalo halipo.

"Akitafuna na nani?"

Na hapo unanyamaza. Maswali yanayozaa ni mafupi, ya wapi, nani, na lini kwa siku: alilala chumba gani, alikaa na nani barazani, nani alimsuka nywele, alipokasirika alisema nini, chakula gani hakukila, redio ikifunguliwa alitaka nini. "Kwa nini" liweke mbali. Kwa mzee linanuka mahakama. Usimsahihishe tarehe. Usimalizie sentensi yake. Akitua, hesabu pumzi kadhaa kabla hujasema, kwa sababu jambo zito mara nyingi linakuja baada ya kutua.

Kitu kimoja kwa kikao kimoja, na saa moja inatosha. Ikiwezekana mwalike na mwenziwe wa rika lake. Wazee wawili wakikaa pamoja hukosoana, hucheka, na mmoja akisema "la, wewe ulikuwa hujaja mjini", umepata sanad bila kuiomba.

Ndugu walio Muscat, Dubai, Mombasa au Uingereza usiwaandikie barua ndefu yenye maswali kumi. Watumie picha ya kitu kimoja na swali moja, wakujibu kwa sauti. Koo nyingi zilitawanyika baada ya 1964 na picha zilisafiri na waliosafiri. Usishangae sura ya bibi mkuu wako ikitokea kwenye droo ya mtu Muscat ambaye hata jina la kijiji halijui tena.

Kuvisoma vitu vyenyewe

Tuanze na kile kijaluba. Kabla ya kukifuta, kifungue mwangani. Upande mmoja utakuta chokaa imeganda, nyeupe na ngumu. Upande mwingine doa la kahawia la tumbaku. Ukingo wa kifuniko umelika mahali pamoja, pale kidole gumba kilipokuwa kikisukuma kila siku. Mtu aliyetumia mkono wa kushoto huacha mliko upande mwingine. Ukikisugua kwa majivu na ndimu mpaka king'ae, umepata kijaluba kizuri cha dukani. Kwa hiyo piga picha kwanza, ndani na nje, na chokaa iache ilipo.

Kanga zina ugumu wake, kwa sababu nguo za marehemu kwetu hugaiwa. Waulize waliomwosha, waulize majirani, waulize wakwe. Kanga ya bibi mkuu inaweza kuwa imekatwa ikawa nguo za kumwekea mtoto mchanga, na hata kipande hicho kina thamani. Ukiipata, nakili jina la kanga kama lilivyo, na makosa yake ya herufi, uangalie kama limeandikwa kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi. Zile za herufi za Kiarabu ni za zamani zaidi. Tazama alama ya muuzaji. Kisha usiulize tu maneno yanasemaje, uliza alimvalia nani. Kanga ilikuwa na mlengwa: mke mwenza, wifi, jirani wa uani. Hapo ndipo utasikia kicheko ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote.

Fedha na vito ni eneo la mitego. Reale ya Maria Theresa iliyotiwa kwenye kidani huwa imeandikwa 1780, na wapo wanaoapa kwamba kito hicho kina miaka zaidi ya 200. Reale hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 hadi karne ya 20, kwa hiyo tarehe hiyo haikwambii kitu. Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash yenye mizani na mwaka 1299 ni kweli ya 1881 au 1882, lakini inakwambia ilipopigwa, si ilipoingia kwenye sanduku la bibi. Mafurungu, vikuku, kipini na majasi mpelekee sonara mzee ayatazame tu. Mwambie kabla hujampa: usisafishe, usiyayushe, usinipimie bei.

Kasha la njumu, kama limesalia, lina habari kwenye mgongo na chini kuliko usoni. Livute kutoka ukutani, uangalie kama kuna jina, namba au karatasi ya bandari. Toa droo zake, mulika ndani kwa tochi. Makasha mengi yana nafasi ya siri. Harufu ya karafuu ikikupiga usoni usishangae, ziliwekwa kufukuza wadudu.

Na usivipuuze vitu vya jikoni na shambani kwa sababu havina fedha: mbuzi ya kukunia nazi iliyolika meno, kawa, kifumbu, upawa, chetezo chenye majivu ya udi. Pemba tafuta pishi na vibaba. Wanawake wa rika lile walichuma karafuu na kulipwa kwa pishi, wakakaa usiku kuchambua makonyo. Mzee akiishika pishi atakwambia nani alikuwa mwepesi mtini, nani alipunjwa na msimamizi, na mwaka gani karafuu zilijaa mpaka majamvi hayakutosha.

Picha ndizo watu wanazozitamani zaidi na mara nyingi hazipo. Ukiipata, igeuze nyuma kwanza. Muhuri wa studio ya picha ya Gomes au wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, unakupa angalau sakafu ya tarehe. Isipopatikana kabisa, usimtengenezee sura kwa zile programu za kompyuta zinazobuni nyuso. Wajukuu watakuja kuiamini, na mwisho ukoo mzima utakuwa unamwombea dua mwanamke ambaye hakuzaliwa.

Karatasi

Hapa nitapita kwa haraka, kwa sababu karatasi zinazomtaja mwanamke wa kawaida wa wakati ule ni chache. Anza na za nyumbani: msahafu wenye tarehe za vizazi kwenye kurasa za mwanzo, hati ya ndoa au talaka, risiti za karafuu, barua. Barua nyingi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Piga picha, umpelekee mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye umri, usizitupe kwa kudhani ni karatasi za hirizi. Nje ya nyumba, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinahifadhi kumbukumbu za mirathi na mambo ya wakfu za enzi ya ukoloni, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulika na wakfu zenyewe. Wanawake wengi waliweka wakfu nyumba au shamba, na hati ya wakfu hutaja jina kamili. Nenda na jina refu na jina la mahali. Ukienda na "bibi yetu wa Chake" utarudi ulivyokwenda.

Ukikuta kabila limeandikwa tofauti na ulivyoambiwa, tulia. Katika sensa za 1924, 1931 na 1948 watu wengi visiwani walijitaja kwa majina tofauti ya kabila kutoka sensa moja hadi nyingine. Andika lilivyoandikwa, pamoja na mwaka.

Kuandika kwa sanad

Kila habari iwe na mistari mitatu hata kama ni fupi. Mfano:

"Alikwenda Unguja kwa jahazi alipoolewa mara ya pili, akakaa Mwembetanga. Kasema shangazi mkubwa wa Kiuyu. Yeye alisikia kwa mama yake. Wakati huo hakuwa amezaliwa."

"Hakuolewa Unguja, alikwenda kuuguza dada yake. Kasema mjomba wa Mtambile. Alikuwa mtoto, anakumbuka kumsindikiza bandarini."

Habari mbili zinagongana. Ziache zote mbili, zikae jirani. Kishawishi cha kuchagua moja ni kikubwa, hasa ile inayopendeza, na ukishaichagua nyingine inakufa siku hiyo hiyo. Mimi kwa hapa ningempa uzito mjomba kwa kuwa alishuhudia, na ningeandika hivyo pembeni, kwa jina langu, ili atakayekuja ajue ni maoni yangu. Huenda wote wawili wanasema kweli na safari zilikuwa mbili.

Maneno yake ya kinywani yanakili kama yalivyo. Kama bibi mkuu alisema Kipemba, usimvishe Kiswahili cha shule.

Sitara

Utafika mahali mzee atapunguza sauti na kutazama mlango. Inaweza kuwa habari ya utumwa, ambao hadhi yake ya kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, kwa hiyo mama wa bibi mkuu wako anaweza kabisa kuwa alizaliwa ndani yake, au upande wa waliomiliki. Inaweza kuwa mtoto asiyetajwa. Inaweza kuwa yaliyotokea 1964, nani alipoteza shamba na nani alipata eka tatu za ardhi zilizogaiwa na serikali, na pande zote mbili leo zimeoana na zinakula sinia moja.

Zima rikodi ukiambiwa uzime. Kisha tenga daftari mbili. La kwanza ni la kila mtu. La pili ni la mambo yaliyosemwa kwa sharti, na sharti lenyewe liandikwe juu ya ukurasa: "mpaka fulani atakapofariki", "wanawake tu", "asome mtoto wake mwenyewe". Sikubaliani na wanaosema mambo haya yafutwe kabisa, kwa sababu vitukuu wa kesho watayahitaji hata kwa sababu za ndoa na maradhi. Wala sikubaliani na wanaoyamwaga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo saa nne usiku.

Nyimbo za unyago ni za wanawake na zina miiko yake. Kama mzee amekuimbia, rikodi hiyo haina kazi kwenye mitandao.

Mkono wake jikoni

Bibi mkuu hakupima kwa gramu, na mzee aliyejifunza kwake pia hapimi. Ukimwomba akutajie vipimo vya mkate wa kumimina atakwambia "tia tui la kutosha". Usimbishie. Nenda siku anayopika, na mizani ndogo ya jikoni. Weka bakuli juu ya mizani, mwombe kila kitu akipitishe hapo kabla hakijaingia kwenye chombo chake: mchele uliorowekwa, sukari, tui, hamira, iliki. Kiganja chake cha sukari kimimine, ukipime, ukiandike. Akitaja kibaba, jua ni robo ya pishi, karibu robo tatu ya kilo ya mchele, kikizidi au kupungua kwa kopo lililotumika. Rikodi sauti ya unga unapomiminwa kwenye sufuria yenye moto, kwa sababu mzee anaujua moto kwa sikio. Ukishapika mwenyewe mara kadhaa, mpelekee aonje akukosoe.

Kuvitunza

Adui wa visiwa vyetu ni unyevu, na baada yake mchwa, mende na nondo. Kasha lisikae juu ya sakafu moja kwa moja wala lisigandame ukutani. Lipandishe juu ya vigae au vipande vya mbao ili upepo upite na mchwa waonekane wakipanda. Usilipake vanishi mpya.

Kanga kuukuu ijaribu kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka, usiifue. Ikikubali, ioshe kwa maji baridi na sabuni laini, bila dawa ya kung'arishia, ianike kivulini. Ukiikunja kila mara kwa mstari ule ule itakatika hapo, kwa hiyo izungushe kwenye bomba lililofunikwa shuka safi ya pamba. Karafuu zinafaa, ila ziwe ndani ya kifuko, kwani mafuta yake yanatia doa.

Picha usizilaminishe. Usizibandike kwa gundi wala selotepu. Usiandike mgongoni kwa kalamu ya wino. Penseli laini, pembeni kidogo. Ukiwa na skana, weka nukta 600 kwa inchi, na 1200 kwa zile ndogo za kitambulisho. Kwa simu, ilaze picha karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera, simu iwe sambamba nayo. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili na si kama picha, la sivyo zinabanwa na kupoteza ubora. Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku. Nakala tatu, na moja iwe nyumba nyingine kabisa, ikiwezekana kisiwa kingine.

Nani anashika nini

Kisheria vitu vya marehemu ni mirathi, na kitukuu kuja kuvichukua "kwa ajili ya kumbukumbu" kunaweza kuwasha moto. Usichukue. Tengeneza daftari la vitu: picha ya kitu, habari yake fupi na sanad yake, na kiko kwa nani sasa. Mwenye nacho abaki nacho. Unachomwomba ni ahadi moja tu, kwamba siku akitaka kukiuza kwa wanunuzi wa vitu vya kale wa Mji Mkongwe, au kukigawa, akwambie kwanza.

Siku ya kuonyeshana kazi isiwe ya sherehe yake peke yake, watu hawatakuja. Itie kwenye mkusanyiko ambao tayari upo: Sikukuu ya Mfunguo Mosi, harusi, au hitma kwa koo zinazosoma hitma. Zipo ambazo hazisomi, na hilo mwachie mkubwa wa ukoo aamue. Wengine hupendelea sadaka kwa jina lake au kuwachimbia watu kisima. Kama mnakwenda kuzuru kaburi, piga picha ya mahali na uandike linapatikanaje: karibu na mwembe gani, hatua ngapi kutoka ukuta wa msikiti. Makaburi mengi ya zamani hayana jiwe lenye jina, na mti ukikatwa hakuna atakayelijua.

Kutokana na daftari la kwanza, chapisha kijitabu cha kurasa chache kwenye duka lolote la fotokopi, kishonwe au kifungwe waya, na kila tawi la ukoo lipate kimoja. Acha kurasa tupu mwishoni na uwaambie waandike humo humo kwa mkono, kwa majina yao. Baada ya mwaka vikusanye, unakili yaliyoongezwa. Ukoo ukikubali, nenda Kilimani uulize kama nakala ya kijitabu na rikodi zake inaweza kupokelewa pale. Daftari la pili libaki nyumbani, na watu wawili wajue liko wapi.